Kidole Gumba cha Mzazi

Mama alikuja kwangu Mabawa, mjini Tanga, kuniuguza uzazi akitokea kijijini Tongoni, na mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko ule nilioufungasha mimi kwenda kujifungua. Alikuja na nazi, kuku wawili hai waliofungwa miguu, pilipili manga ya uji, kanga za kunifunga tumbo, na sufuria yake mwenyewe ya kuchemshia maji ya kunikanda, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba sufuria za mume wangu ni nyembamba na hazishiki moto. Aliyasema hayo mume wangu akiwa amesimama pale pale mlangoni, kuku mmoja kila mkono. Mume wangu akaitikia, "Ni kweli, mama," na akaenda kutafuta pa kuwafunga.

Kwetu mwanamke akijifungua huitwa mzazi, na mzazi ana arobaini yake. Muda wote huo hapiki, hafui, hafagii, hagusi maji ya baridi, wala hana maoni. Kazi yake ni kula, kukandwa, kunyonyesha na kulala. Mimi niliyezoea kuamka alfajiri kuwahi ofisini Raskazone, kushinda juu ya makaratasi ya mizigo ya bandarini, niliingoja arobaini kwa hamu. Nilijiona nitadekezwa hadi nichoke.

Ndiyo maana niliona aibu nilipoanza kuumwa mkono.

Maumivu yalikaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole gumba. Mwanzo yalikuwa kama kufinywa, kila nikimnyanyua mtoto kitandani. Kisha nikashindwa kufungua chupa ya chai. Kisha nikashindwa kukaza fundo la kanga yangu mwenyewe, nikawa natembea chumbani nimeishika kwa kiwiko. Kidole chenyewe kilikuwa na fitina. Nikikiangalia kinatulia, hakina hata alama. Nikikisahau tu nikakitumia, kinanichoma mpaka nauma meno. Mfanya kazi akiumwa mkono ana la kusema. Mimi ningesema nini? Hata kijiko cha uji nilikuwa naletewa.

Nilimwambia mama. Akaweka chini bakuli alilokuwa nalo, akanitazama kwa macho ya hakimu.

"Umeshika maji ya baridi."

"Sijashika."

"Umenawa bombani."

"Mama, bomba lenyewe wiki nzima halitoi maji."

Akafikiri kidogo. "Basi ni simu. Kutwa kidole kinapanda na kushuka kama cherehani. Kidole nacho ni kiumbe, kina haki ya kuchoka."

Nikaisukumia simu chini ya mto, maana nilikuwa nayo mkononi. Lakini nilimwambia kwamba simu hainiumizi kama anavyoniumiza mtoto, na hapo ndipo nilipojiponza. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mtoto! Mtoto ambaye hajafikia uzito wa wale kuku aliokuja nao! Yeye enzi zake, mimi nikiwa mgongoni, alikuwa na ndoo kichwani na dumu mkononi, na njia ya kisimani ilikuwa ya mchanga. Ati leo mwanawe, mwenye elimu na mume, anashindwa na kitoto kinachotosha kwenye ungo.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliiweka methali hiyo moyoni, sikuthubutu kuitoa mdomoni, kwa sababu mwenye methali nyumbani mle alikuwa mmoja tu.

Toka siku hiyo nikawa gumzo la nyumba. Mume wangu akitaka chumvi mezani, mama humwambia aifuate mwenyewe, mkewe ana mkono wa ofisini. Jirani yetu, mama wa Kisambaa aliyeshuka na mumewe kutoka Lushoto na kutuletea kila wiki viazi vya kwao, alipokuja kunijulia hali akitokea mazoezi ya kwaya, mama alimwonesha kidole changu kama anavyooneshwa mtu kitu cha dukani. Jirani hakucheka. Alisema yeye kwa mtoto wake wa kwanza aliumwa hivyo hivyo, akadhani ni jembe. Aliuacha tu mkono, ukamtesa hadi mtoto alipoanza kutambaa.

"Nenda hospitali," akaniambia.

"Hospitali ya kidole?" mama akauliza. "Watu wanapelekwa hospitali na miguu yao miwili imevunjika, yeye aende na kidole gumba? Huyu kaingiwa na baridi kwenye mshipa. Na dawa yake ninayo."

Dawa yake ilikuwa maji ya moto, kitambaa, mafuta ya nazi na vidole vyake. Wanawake wa kwetu wanajua kukanda, na mama anajua kuwapita. Mgongo wangu aliurudisha, nyonga zangu alizirudisha, na mpaka leo namshukuru. Lakini kidole gumba alikikanda kama kimemtukana. Alitafuta pale panapouma hasa, akapakandamiza kwa gumba lake, kisha akakivuta kidole changu mpaka kikaalika. "Umesikia?" akasema kwa furaha. "Mshipa umeshuka." Mimi nilisikia vizuri sana. Kesho yake kifundo kilikuwa kimevimba kama kitumbua, naye akasema huo ndio ugonjwa unaotoka, akaongeza moto.

Tuliendelea hivyo, yeye akikanda na mimi nikivimba, mpaka asubuhi ya beseni.

Siku zote mtoto alikuwa akiogeshwa na mama yangu. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya miguu ile na kummwagia maji ya vuguvugu kama walivyofanya mama zake wote. Asubuhi ile niliomba nimuogeshe mimi. Niliona wivu, sitaficha. Mtoto wangu alikuwa anajua mikono ya bibi yake kuliko yangu. Mama akanipisha, akakaa pembeni na taulo. Nikamuogesha vizuri tu, na beseni la maji safi likiwa kando ya miguu yangu nikataka kumtumbukiza humo kumsuuza. Nikamshika chini ya makwapa, vidole gumba mbele, kama nilivyokuwa nikimnyanyua siku zote. Alikuwa na sabuni. Mkono ukachoma, na kabla sijajua nimefanya nini, vidole vyangu vilikuwa vimefunguka.

Mtoto hakuanguka. Mikono ya mama ilifika. Sijui ilitokea wapi. Nakumbuka tu taulo likielea kwenye beseni na mwanangu akiwa kifuani kwa bibi yake, anapiga chafya.

Nilingoja mama anitanie. Alimkausha, akampaka mafuta, akamvika, akamlaza, na muda wote huo hakunitania, na ukimya ule ulinitisha kuliko sabuni. Nilikaa pale kwenye kigoda na mkono wangu mapajani, nikijiuliza arobaini ikiisha, mama akirudi Tongoni na mume wangu akienda kazini, nani atamnyanyua mtoto huyu. Nilikuwa mama wa mtoto nisiyeweza kumshika. Niliogopa kweli kweli.

Alipomaliza ndipo akasema, akiwa amenipa mgongo. "Kuanzia leo humnyanyui. Mie nanyanyua, wewe unapokea. Na kesho tunakwenda huko hospitali ya kidole."

Mzazi kutoka nje kabla ya arobaini si jambo dogo, kwa hiyo mama alinivisha. Soksi, sweta la mume wangu, kanga kichwani, kanga mabegani, na pamba masikioni. Jua la Tanga lilikuwa linapasua. Kwenye bajaji dereva alinitazama kwa kioo, kisha akamuuliza mama kwa adabu kama mgonjwa ana degedege.

Aliyetupokea hospitali kwenye chumba cha mazoezi ya viungo alikuwa dada mdogo, mpole, aliyempa mama shikamoo kabla hajaniangalia mimi, na kwa hiyo akawa amekwisha kushinda nusu ya kesi. Aliniambia nikunje kidole gumba ndani ya ngumi, kisha nishushe ngumi taratibu upande wa kidole cha mwisho. Nilipiga kelele mpaka waliokuwa kwenye benchi nje wakacheka. Akasema ndicho chenyewe, na kwamba wazazi wengi humjia nacho. Kuna kano mbili zinazovuta kidole gumba, akatueleza, na pale kwenye kifundo zinapita kwenye njia nyembamba, kama mpira wa sketi ndani ya upindo. Zikivimba, mpira unakwama, na kila ukivuta unasugua. Mwili wa mzazi nao umejaa maji na mabadiliko yake. Ukiongeza kumnyanyua mtoto kwa vidole gumba kutwa kucha, zinavimba.

"Na simu?" mama akauliza upesi.

"Simu nayo inachangia, bibi."

Mama akanitazama. Nilijua nitaisikia hiyo mpaka mtoto atakapooa.

Dada akauliza kama nyumbani tunapakanda. "Kila siku," mama akasema kwa fahari. "Navuta mpaka kinaalika." Yule dada akatafuta maneno yasiyo na miiba. Akamshukuru bibi kwa kazi ya mgongo na nyonga, akasema hapo kwenye kidole tu, papumzishwe, pasivutwe tena wala kubonyezwa. Akanipa bandeji ngumu yenye kipande cha plastiki ndani, ya kukishika kidole gumba na kifundo visicheze, niivae mchana na usiku, niivue kwa kuoga na kwa mazoezi mepesi atakayonifundisha maumivu yakipungua. Dawa ya maumivu nisimeze ovyo, daktari aniandikie isiyomdhuru anayenyonya. Nisipopata nafuu nirudi, kuna sindano. Kisha akakunja kanga ya mama ikawa mtoto, akanionesha jinsi ya kunyanyua: mkono mmoja chini ya matako, mwingine chini ya mgongo na shingo, viganja vikitazama juu, kifundo kimenyooka, mtoto aje kifuani kwa nguvu ya mikono yote na si ya vidole. Wakati wa kunyonyesha, mito imbebe mtoto, si mimi.

"Kumbe," mama akasema. "Anamng'oa kama muhogo. Anatakiwa amchote kama unga."

Dada akacheka, akasema atawaambia hivyo na wengine. Halafu akakosea. Akataja barafu.

"Barafu?" mama akasema. "Mwanangu, huyu hajafika arobaini."

Walijadiliana kama wazee wa mahari. Dada alisema dakika chache tu, ndani ya kitambaa. Mama alisema baridi ikiingia kwa mzazi hutokea uzeeni. Dada alisema ni mahali padogo tu. Mama alisema hata mlango wa mwizi ni mahali padogo. Mwishowe walikubaliana: barafu kidogo, ndani ya kitambaa, mzazi akiwa na soksi miguuni na kanga mbili mabegani, na ikitoka tu pafunikwe. Mimi mwenye mkono sikuulizwa.

Nyumbani hatukuwa na jokofu la kugandisha. Mume wangu akatumwa barafu, akarudi na barafu za ubuyu, zile za kwenye vifuko wanazonunua watoto wa shule, maana duka lilikuwa na hizo tu. Mama akazifunga kwenye kitambaa cheupe, akanifunga mkononi, akageuka upande mwingine asishuhudie dhambi. Barafu ikayeyuka. Jirani yetu alipoingia na viazi vyake alinikuta nimeegemea mto, nimevaa soksi na sweta, kitambaa mkononi kimelowa wekundu mpaka kinadondoka.

"Yesu wangu! Wamemkata!"

"Hawajamkata," mama akasema. "Ni ubuyu. Siku hizi wazazi wanatibiwa kwa vitu vya watoto wa chekechea."

Mkono wangu ulibaki mwekundu siku kadhaa, na wageni waliokuja kumwona mtoto walinisifu kwa hina.

Kutania kulirudi, basi, na mimi nikapumua. Lakini sharti la mama halikurudi nyuma. Mtoto akilia, mama ndiye anayeinama kitandani, anamnyanyua, ananiletea nilipokaa na mito yangu, anamweka. Akimaliza kunyonya, mama anamwondoa. Kutwa. Akitaka kucheua, bega la mama. Akichafua nepi, mama. Nilikuwa kituo cha maziwa tu, gari linakuja, linajaza, linaondoka. Mtoto alianza kunyamaza akisikia tu kanga ya bibi yake ikipita, na mimi siku nyingine niligeukia ukutani nikalia. Nilidhani ananinyang'anya. Nilimwambia mume wangu hivyo, akanijibu kwamba mama yangu ana raha na mjukuu, nimwache afaidi. Na kweli alionekana anafaidi. Alikuwa akiimba.

Maumivu yakapungua polepole, kwa hila, kiasi kwamba sikuyaona yakiondoka. Siku moja nilifungua chupa ya chai na ndipo nikakumbuka kwamba ilikuwa hainifungukii. Nikafanya mazoezi niliyofundishwa. Nikajifunza kuchota kwa mto, kisha kwa mtoto mwenyewe, mama amesimama karibu ameikinga mikono chini kama mtu anayengojea embe lidondoke.

Ikafika arobaini. Kwetu siku hiyo mzazi hutoka nje amembeba mwanawe mwenyewe. Huzungushwa nyumba, na mtoto huoneshwa kila kitu cha kwao: huu mlango, hili jiko, huu mti. Mwanangu akaoneshwa mpaka bomba lisilotoa maji. Nilimchota kitandani mbele ya wanawake wote waliokuja, viganja juu, kifundo kimenyooka, na alikuja kifuani bila mimi kuuma meno. Vigelegele vilipigwa. Wao walimpigia mtoto. Mimi nilivichukua vyote vikawa vyangu.

Tulipozunguka tukafika uani, wanawake walikuwa kwenye mapishi. Jirani yetu wa Kisambaa alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Anakuna vibaya, watu wa milimani nazi wameijulia ukubwani, vipande vilikuwa vinaruka mpaka kwenye mchanga. Na mama yangu alikuwa kando yake, anachambua mchele.

Nikasimama. Mama hajapata kumwachia mtu nazi. Harusini anawanyang'anya wapishi. Nazi iliyokunwa na mwingine husema ina ladha ya mikono ya watu. Leo ni arobaini ya mjukuu wake wa kwanza, na nazi inakunwa hivyo mbele ya macho yake, naye ameinamia ungo. Nikatazama vizuri. Mchele alikuwa anauchambua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani chini ya kanga.

"Mama, mbona hukuni?"

"Nimezeeka."

Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo, hata kwa kuomba kiti. Nikampa jirani mtoto, nikachuchumaa, nikauvuta ule mkono kutoka chini ya kanga. Kifundo kilikuwa kimevimba, upande wa kidole gumba. Nikamkunjia kidole ndani ya ngumi, nikaishusha ngumi taratibu. Mama akatoa tusi la Tongoni ambalo uwanja mzima ulilisikia na hakuna aliyelirudia.

"Tangu lini?"

"Niachie mkono wangu, watu wanatutazama."

"Mama. Tangu lini?"

Akaangalia mchele. "Tangu nilipoanza kukunyanyulia. Huyu mtoto ana mifupa ya chuma, kama baba yake."

"Na hukusema?"

"Ningesema ungemnyanyua."

Alisema hivyo tu, akarudi kutafuta mawe kwenye mchele kwa mkono wake wa kushoto. Wiki zote zile nilizogeukia ukutani, nikidhani ananinyang'anya mtoto, yeye alikuwa anainama kitandani na kidole hicho, anamnyanyua, ananiletea, na anaimba ili asipige kelele. Nililia pale pale, nimechuchumaa na nguo zangu za arobaini. Mtu mmoja akasema ni vitunguu.

Mama hakurudi Tongoni siku aliyopanga. Asubuhi iliyofuata nilimpakia kwenye bajaji, mimi ndiye niliyembeba mtoto, na yeye alikataa kuvaa sweta. Hospitalini yule dada hakuwa zamu. Tulimkuta kijana tusiyemjua, akampa mama shikamoo, akashika mkono wake, akakunja kidole, akatikisa kichwa.

"Bibi, haya maumivu mara nyingi tunayaona kwa wenye watoto wachanga," akasema. "Wewe una mtoto unayembeba nyumbani?"

Mwanangu alikuwa amelala kifuani pangu, waziwazi, anakoroma. Mama hata hakumtazama. Aliinua kidevu akanielekezea mimi.

"Ninaye," akasema. "Huyu hapa. Mzito huyo."